Wasomaji Wanauliza: Kubuni Kifaa cha Mfukoni cha Mwenye Gari

Safu ya mwezi huu tumeiachia mada moja, maana barua nyingi zimeelekea huko. Mafundi wenye karakana ndogo, wanafunzi wa ufundi na madereva wanataka kubuni kifaa kimoja cha kubeba mfukoni, chenye spana, bisibisi na vinginevyo, kwa ajili ya dharura za gari au pikipiki. Barua tumezifupisha, majibu hatukuyafupisha pale ambapo kosa dogo linaharibu kazi nzima.

Habari za kazi, wahariri. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimechora kifaa bapa cha chuma chenye urefu wa sentimita 10 na kazi 22: spana za 8 hadi 19, tundu la nati za magurudumu, bisibisi tatu, msumeno, kisu, rula, kifungua chupa na kadhalika. Wenzangu wanasema nafasi bado ipo. Niongeze nini?

Usiongeze, ndugu fundi. Punguza hadi zibaki kazi saba au nane. Na unapopunguza, usiangalie nafasi iliyobaki kwenye mchoro, angalia urefu wa kifaa. Kifaa cha sentimita 10 ukishakishika, katikati ya kiganja panakuwa kama sentimita 8 kutoka kwenye nati. Mtu wa nguvu za kawaida akisukuma kwa mkono mmoja hutoa kama nyutoni 200, sawa na uzito wa kilo 20. Zidisha 200 kwa mita 0.08 upate nyutoni-mita 16. Hapo ndipo uwezo wa kifaa chako unapoishia, hata ukikitengeneza kwa chuma bora kuliko vyote.

Sasa linganisha na gari lenyewe. Boliti ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6, ambayo kichwa chake kwa kawaida ni cha spana 10, hukazwa kwa nyutoni-mita 10 hivi. Hiyo unaiweza. M8, yenye kichwa cha 12 au 13, hukazwa kwa 25 hivi, na hapo umeshashindwa hata kabla kutu haijaingia. Nati za magurudumu za magari mengi madogo hukazwa kati ya 90 na 120. Ukitaka kufungua nati ya 110 kwa mkono wa sentimita 8 unahitaji nyutoni 1,375, yaani uzito wa kilo 140 uning'inie kwenye kipande kinachoingia mfukoni. Kifaa kitateleza, kona za nati zitalika, na wili spana halisi ikija haitapata pa kushika. Tundu la 19 linapendeza kwenye mchoro, lakini kando ya barabara linamharibia mtu nati yake. Liondoe.

Kinachobaki ni matatizo ambayo mwenye gari anayaweza kwa nguvu za mkono: kichwa cha betri kilicholegea (mara nyingi nati ya 10), klipu ya hozi iliyoanza kuvuja (mfereji wa bisibisi bapa, au kichwa cha 7 au 8), skrubu za taa, za namba na za plastiki za ndani (nyota ya msalaba namba 2, na Torx, ile ya nyota yenye ncha sita, T20 na T25 kwa magari mengi ya Ulaya), fyuzi iliyoungua, na kiini cha valvu ya tairi kilicholegea kinachopitisha upepo. Ongeza kikata mkanda wa kiti na kivunja kioo ukipenda, lakini hivyo vina masharti yake na tunavieleza hapa chini.

Kwa hiyo tungeweka spana ya mdomo wazi ya 10 upande mmoja, ya 8 upande wa pili, tundu la kushika biti za kawaida zenye mwili wa pembe sita wa milimita 6.35, na biti tatu au nne zinazohifadhiwa ndani ya kifaa. Jihadhari na tundu hilo la biti. Ukilitoboa kwenye bamba la milimita 3, biti itayumba, itasimama upande, na itakula kichwa cha skrubu. Biti inahitaji kushikwa kwa kina cha milimita 5 angalau, na 8 ni bora zaidi. Njia rahisi ni kuchomelea au kupigia ribiti bamba la pili mahali hapo tu.

Shikamooni. Nasoma ufundi wa mitambo mwaka wa pili. Nilipeleka mchoro wangu kwenye mashine ya leza, wakanikatia bamba la stenlesi la milimita 3. Kimetoka kizuri sana, lakini mdomo wa spana umepanuka siku ya kwanza na ncha ya bisibisi imejikunja. Nimekosea wapi, kwenye mchoro au kwenye chuma?

Marahaba. Kwenye chuma kwanza, na kidogo kwenye mchoro. Usipotaja aina, karakana nyingi hukukatia stenlesi ya 304, kwa sababu ndiyo inayokaa stoo kwa ajili ya masinki na reli za ngazi. Ni chuma kizuri kwa kazi zake, lakini hakikubali kutiwa ugumu kwa moto. Ukipashe ukitakavyo, ukitie kwenye mafuta, kitabaki laini. Kwa kifaa hiki omba stenlesi ya 420 yenye kaboni ya asilimia 0.3 hivi. Hiyo huja ikiwa laini, inakatika vizuri, halafu unaitia ugumu baadaye.

Mpangilio wa kazi ndio huu, na usiugeuze. Kata kwanza. Piga tupa kingo zote kuondoa ngozi ngumu nyeusi iliyoachwa na leza, maana nyufa huanzia humo. Kisha peleka kwenye tanuri: nyuzi 1,000 hadi 1,050 za Selsiasi, dakika chache baada ya chuma kufika joto hilo kote, halafu poza kwa mafuta au kwa hewa. Bamba jembamba hupinda linapopoa, kwa hiyo libane kati ya vipande viwili vinene vya chuma mara tu linapotoka. Baada ya hapo lirudishe kwenye moto mdogo wa nyuzi 200 kwa saa moja hadi mbili. Hatua hii wengi huiruka kwa kuona chuma tayari ni kigumu. Ni kigumu, ndiyo, lakini kikidondoka sakafuni kinakatika vipande viwili. Usivuke kwenda nyuzi 450 au 500 ukidhani unakilainisha zaidi: stenlesi ya aina hii ikirudishwa kwenye joto hilo hupoteza uimara na huanza kushika kutu.

Lenga ugumu wa 48 hadi 52 kwa kipimo cha Rockwell C. Spana za kawaida ziko kama 40 hadi 48, ncha za bisibisi ziko juu zaidi, 55 hadi 60. Kipande kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili, na hii ndiyo sababu tunapendelea biti za kununua badala ya kuchonga bisibisi kwenye bamba lenyewe. Biti ikiisha unaweka nyingine, kifaa kinabaki.

Kwenye mchoro, angalia mambo mawili. Mdomo wa spana ya 10 usiuchore 10 kamili, kwa sababu nati yenyewe huwa kati ya 9.78 na 10.00, na ukiipaka rangi au ikiwa na uchafu haiingii. Wala usiuchore 10.5, itateleza kwenye kona. Chora 10.1 na umwambie mwenye leza kwamba kipimo hicho ni cha mwisho baada ya kukata, kwa sababu mwale wenyewe hula sehemu ya milimita. La pili ni kona za ndani, pale mdomo unapokutana na shina. Kona kali hukusanya mkazo mahali pamoja na ufa huanzia hapo. Weka duara la nusu kipenyo cha milimita 1, na uache nyama ya milimita 6 kila upande wa mdomo. Wako, kwa picha uliyotutumia, una milimita 3 tu. Hata 420 ingepanuka.

Nataka kifaa changu kiwe na kivunja kioo na kikata mkanda, kiwe kama cheni ya funguo. Kuna anayesema ncha yoyote ya chuma inatosha. Ni kweli?

Si kweli, na hili ndilo jibu ambalo tungeomba msomaji alisome mara mbili, kwa sababu kasoro ya spana inamchelewesha mtu safarini na kasoro ya hapa inaweza kumuua.

Anza na kioo. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vilivyotiwa ugumu kwa joto: vimepashwa zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa upepo, hivyo ngozi ya nje imebanwa na sehemu ya ndani imevutwa. Ngumi, kiwiko au kiatu husambaza nguvu na kioo hupinda kidogo tu kikarudi. Ncha kali na ngumu ikitoboa ngozi hiyo hata kwa nukta, mvutano wa ndani unaachiliwa na kioo kizima kinamwagika vipande vidogo. Ncha ya chuma cha kawaida hubutuka kwa pigo la kwanza, hasa kama imeshatumika kufungulia vitu vingine. Tumia kabaidi ya tangsteni, ncha ya pembe kati ya digrii 60 na 90, itokeze milimita 2 hadi 3. Kabaidi ni ngumu sana lakini haipendi kupindwa, kwa hiyo isiwe ndefu, na ikae kwenye tundu lililoibana vizuri pamoja na gundi ya epoksi.

Kioo cha mbele usijaribu. Kimebandikwa tabaka la plastiki katikati na kitapasuka bila kufunguka. Magari kadhaa ya siku hizi yana kioo cha namna hiyo hata milangoni. Alama iliyochapwa kwenye kona ya kioo ndiyo inayoonyesha aina yake, na karatasi ya maelezo ya kifaa chako imwambie mnunuzi aitazame leo, gari likiwa limeegeshwa. Imwambie pia apige karibu na kona ya kioo. Katikati kioo hupinda na kumeza pigo.

Kati ya nyundo na ncha ya springi inayojifyatua, chagua springi. Ndani ya gari hakuna nafasi ya kuzungusha mkono, na ndani ya maji pigo la nyundo linapungua nguvu kabla ya kufika. Springi inafyatuka kwa nguvu ileile popote, hata mkononi mwa mzee au mtoto mkubwa. Kasoro yake ni vumbi na kutu ndani ya mfereji, kwa hiyo weka kifuniko na utumie springi ya stenlesi.

Kikata mkanda kiwe ndoano iliyofichwa, nafasi ya kuingilia isizidi milimita 3 hadi 4 ili mkanda upite na kidole kisipite. Mkanda wa kiti una upana wa milimita 46 hadi 48 na unene wa kama milimita 1.2. Wembe ukae mshazari, digrii 30 hadi 45, na uweze kubadilishwa kwa skrubu moja. Anayekata auvute mkanda ukaze kwanza kisha avute kifaa kwa mshazari. Mkanda uliolegea hujikunja ndani ya ndoano na kukwama, na mtu hudhani wembe ni butu.

Na hiyo habari ya cheni ya funguo ifikirie upya. Katika gari la kuwasha kwa ufunguo, wakati wa ajali funguo ziko kwenye swichi, pengine chini ya usukani uliobanwa. Weka kiungo kinachoachia kwa kuvutwa mara moja, au tengeneza kibanio cha kukaa kwenye kivuli cha jua au kwenye mfuko wa mlango. Kifaa cha kuokoa kilicho kwenye buti ni sawa na kutokuwepo.

Mimi ni wa pikipiki. Kifaa hicho hicho kitanifaa?

Nusu yake. Pikipiki za Kijapani na zinazofuata muundo wao hutumia sana 8, 10, 12 na 14: 8 na 10 kwenye virekebisho vya nyaya za klachi na breki, 10 au 12 kwenye virekebisho vya mnyororo, 14 kwenye shina la kioo cha pembeni. Alenki, yaani spana za pembe sita zinazoingia ndani ya kichwa cha boliti, za 4, 5 na 6 ndizo zinazokutana na vifuniko na mishikio. Nati ya ekseli ya nyuma iache kwa spana ndefu, kwa hesabu ileile tuliyomfanyia ndugu fundi. Maana yake huwezi kurekebisha mnyororo kwa kifaa hiki peke yake.

Kuhusu skrubu za nyota: za Kijapani, nyingi zikiwa na kinukta kidogo kichwani, zina msalaba wa umbo tofauti kidogo na wa biti ya kawaida. Biti ya kawaida hugota chini kabla mabawa yake hayajashika, kisha hupanda na kukila kichwa. Tafuta biti ya umbo la Kijapani, au saga ncha ya biti ya kawaida kidogo sana, sehemu ya milimita, hadi ikae bila kucheza. Mtikisiko wa pikipiki hulegeza kila kitu, kwa hiyo skrubu zote za kifaa chenyewe zipakwe gundi ya hesi ya nguvu ya kati, ile ya bluu. Nyekundu usitumie, hutaweza kukifungua tena kubadili wembe.

Naweza kuweka taa ndogo ya kupimia umeme wa gari? Nataka mwenye gari ajue kama fyuzi imekufa.

Unaweza, na ni nyongeza yenye maana kuliko nyingi, kwa sababu taa isiyowaka na pampu isiyolia mara nyingi huanzia kwenye fyuzi. Tumia LED mbili, nyekundu na kijani, zilizounganishwa sambamba lakini zikitazamana kinyume, pamoja na rezista moja ya ohmu 2,200 ya nusu wati. Waya mmoja uende kwenye sindano ya kugusia, mwingine kwenye klipu ya mamba ya kushika bodi ya gari, urefu wa sentimita 60 hadi 80.

Sababu ya LED mbili: LED moja haivumilii umeme wa kinyume wa volti 12, nyingi zimewekewa kikomo cha volti 5 tu. Zikikaa kinyume, moja hubeba mkondo na kumlinda mwenzake, na rangi inakuambia umegusa chanya au hasi. Sababu ya ohmu 2,200: kwenye volti 12 mkondo ni kama miliampia 5, unaonekana vizuri hata kivulini, kwenye lori la volti 24 hadi 28 unafika 12 tu, LED haiungui. Ukiweka 1,000 itafaa gari dogo na itachoka kwenye lori.

Usiweke balbu ya waya badala ya LED. Balbu inavuta mkondo mkubwa mara nyingi zaidi na inaweza kuharibu saketi za kompyuta ya gari. Andika maonyo mawili juu ya kifaa, siyo kwenye karatasi itakayotupwa: usiguse plagi za rangi ya njano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, na usiguse kabisa nyaya za rangi ya chungwa za magari ya umeme na ya mseto, ambazo hubeba umeme mkubwa wa kuua. Fahamu pia kwamba LED inasema umeme upo, haisemi betri ina hali gani. Betri iliyojaa ikitulia husoma volti 12.6, iliyobaki nusu husoma 12.2 hivi, na LED itawaka sawasawa kwa zote mbili.

Kwa fyuzi zenyewe, kibanio cha kuzing'olea kiwe cha plastiki. Fyuzi ya kawaida ya bapa ina upana wa milimita 19, ndogo yake milimita 11, hivyo kibanio cha midomo miwili ya upana tofauti kinatosha. Ukiwa na nafasi, ficha ndani fyuzi mbili za akiba: nyekundu ya ampia 10 na bluu ya 15.

Kipima upepo wa tairi kinaweza kuingia humo?

Cha springi hakiingii kwa usahihi unaokubalika, kinahitaji urefu ambao huna. Cha kidijitali kinaingia lakini kinakuwa kifaa kingine, chenye betri na sensa yake. Weka badala yake kipima kina cha mifereji ya tairi, ambacho hakikugharimu chochote: ulimi mwembamba wenye ngazi mbili, ya milimita 1.6 na ya milimita 3. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zimeweka 1.6 kuwa kikomo cha chini kwa magari madogo, na vinundu vya kuonyesha kulika vilivyo ndani ya mifereji viko kwenye kimo hichohicho. Apime mifereji mikuu, ndani, katikati na nje, na asiweke ulimi juu ya kinundu. Kingo zikilika kuliko katikati, mara nyingi upepo umekuwa mdogo kwa muda mrefu.

Uma wa kukaza kiini cha valvu uchonge ukiwa na valvu halisi mkononi, uingie bila kugusa kuta. Kiini kinakazwa kwa nguvu ya vidole viwili tu. Mkono mzima unaponda mpira wake na kinaanza kuvuja kuliko mwanzo.

Nimechapa mfano kwa mashine ya 3D, nikauacha kwenye dashibodi. Jioni nilikuta umepinda. Tochi niliyoweka nayo imekufa.

Plastiki ya PLA huanza kulegea karibu na nyuzi 60, na juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani joto hupita 70. Mfano wa kupima umbo mkononi uchape kwa PLA, sawa, lakini utakaokaa garini uchape kwa ABS, inayostahimili hadi karibu 100. Joto hilohilo ndilo linaloua betri. Betri nyingi za lithiamu za kuchajiwa zimewekewa kikomo cha nyuzi 60, na za alkali huvuja na kula vishikio vyake. Kwa tochi inayokaa miezi bila kuguswa, tumia betri ya AAA ya lithiamu isiyochajiwa, na umshauri mnunuzi aiweke tochi kwenye mfuko wa mlango, mbali na kioo cha mbele. Lumeni 50 zinatosha kwa kazi ya chini ya boneti. La muhimu zaidi ni mahali LED inapotazama: iangaze ncha ya biti, isifunikwe na kiganja.

Ukiweka sumaku, soma daraja lake. Sumaku ya kawaida ya neodimiamu hupoteza nguvu moja kwa moja ikipita nyuzi 80. Yenye herufi H mwishoni huvumilia 120.

Bila plaizi kitauzika kweli? Na je, nikiiga ya kampuni kubwa nitashitakiwa?

Plaizi ya kukunja ni kazi nyingine kabisa. Tim Leatherman, Mmarekani aliyezunguka Ulaya mwaka 1975 na Fiat kuukuu iliyokuwa ikimharibikia, alirudi na wazo la kisu chenye plaizi. Alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1980 na akaanza kuuza mwaka 1983. Ugumu uko kwenye pini: mikono miwili, taya mbili, na nafasi ya sehemu ndogo za milimita kati yao ambayo lazima ibaki ileile baada ya maelfu ya kufungua na kufunga. Kwa bidhaa ya kwanza ya karakana ndogo, iache.

Hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, kwa hiyo mbinu za miaka ya 1980 ziko huru. Jina, nembo na umbo la nje lililosajiliwa haviko huru. Chukua mbinu ya zamani, chora umbo lako.

Kisu nikiweke au nisikiweke?

Tungekiacha. Kisu hakitatui tatizo la gari ambalo ndoano ya mkanda haitatui, na kinamfungia mnunuzi milango: mara nyingi hakiruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi wa ndege, na sheria za kubeba zinatofautiana. Uingereza, kwa mfano, mtu anaweza kubeba bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi 3 tu, na kinachojifunga kinahitaji sababu. Kifaa kisicho na kisu kina maswali machache, ingawa ncha ya kuvunjia kioo nayo inaweza kuzuiwa uwanjani.

Tumeshakamilisha mchoro, karakana inataka oda ya vipande 500. Tutajuaje kwamba kiko tayari?

Msitoe oda hiyo kwanza. Ombeni vipande 20, viwe vimetoka kwenye chuma, tanuri na mikono ileile itakayotengeneza 500, kwa sababu mfano uliochongwa kwa uangalifu na fundi mmoja hauonyeshi kitakachotoka kwa wingi.

Vipande vitano vivunjeni. Bana fito ya chuma kigumu ya pembe sita, yenye upana wa milimita 10, kwenye jiliwa (boliti yenyewe ya M6 ingeweza kukatika kabla ya spana), ingiza mdomo wa spana, na mning'inize uzito sentimita 8 kutoka kwenye fito. Kilo 20 zinatoa nyutoni-mita 16 za matumizi ya kawaida, kilo 30 zinatoa karibu 24. Kwenye 24 mdomo usipanuke. Pimeni kwa kalipa kabla na baada, na tofauti ikizidi milimita 0.05 rudini kwenye ugumu au kwenye nyama ya mdomo. Endeleeni kuongeza hadi kishindwe, mtazame kinavyoshindwa. Kikipinda ni salama. Kikikatika ghafla, moto mdogo wa kurudishia haukufanyika vizuri na vipande vya chuma vitamrukia mtu usoni.

Vitano vingine viangusheni kwenye saruji kutoka mita 1.5, kila kimoja mara sita na kila mara upande tofauti, kisha mjaribu springi ya kioo na mtazame kama kabaidi imebaki. Vitatu viwekeni usiku kucha kwenye maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita, mvitoe vikauke, mtazame kutu. Ikianzia kwenye kingo zilizokatwa na leza peke yake, tatizo ni ngozi nyeusi haikuondolewa, siyo chuma. Pitisheni kidole kwenye kingo zote zisizo za kazi. Zinatakiwa kupigwa pembe ya milimita 0.5, la sivyo kifaa kitatoboa mfuko ndani ya wiki chache.

Vilivyobaki wapeni watu wasiojua chochote kuhusu mradi. Mmoja mmoja akae kwenye kiti cha dereva, mkanda umefungwa, macho yamefungwa kwa kitambaa, mikono imepakwa sabuni. Mwambieni atafute kifaa, akishike upande wa ndoano na akate kipande cha mkanda mkuukuu mnachoshikilia nyinyi. Mtu akishika upande wa ncha ya kioo akidhani ni ndoano, pande hizo mbili zinafanana mno gizani. Wekeni mikato mitatu ya tupa kwenye upande wa ndoano, yenye kina cha kuhisiwa hata kwa kidole chenye sabuni, mjaribu tena na watu wengine.